Pambizoni

Dodoso lina kurasa kumi na mbili.
Namba ya mshiriki: sifuri tisa nne.
Umri: ishirini na tatu. Wilaya: Newala.
Jina haliandikwi, ndivyo tulivyofundishwa,
lakini mama yake ameshaliita mara tatu kutoka jikoni,
Mfaume, mpe mgeni kigoda,
na mgeni ndiye mimi, na kigoda kina mguu mmoja mfupi,
kwa hiyo nauliza maswali yote nikiyumba.

Swali la kwanza. Unaamka saa ngapi?
Anautazama ukungu unaopanda kutoka bonde la Ruvuma,
unavyoimeza mikorosho mmoja mmoja.
Anasema: Ukiisha huo.
Hakuna kisanduku cha ukungu.
Naandika: saa tatu.

Swali la nne. Je, unafanya kazi yoyote?
Mama anamwahi: Hafanyi.
Alikuwa fundi redio, akaanza kusema redio zinamjibu,
watu wakaja kuchukua redio zao,
hata zile ambazo bado mbovu.
Mfaume hanyanyui kichwa.
Mbele yake ungo, kipande cha bati, madebe mawili.
Anaokota korosho, anaidondosha juu ya bati,
anasikiliza,
anaitupa kushoto. Daraja la kwanza.
Nyingine, kulia. La pili.
Macho hayamo kazini. Ni masikio tu.

Za nani hizi?
Za Bi Somoe wa pale, za Nampoto,
na za wale wa nyuma ya msikiti.
Wanaleta jioni, wanachukua asubuhi.
Ghalani hazijawahi kurudishwa.
Wanakulipa?
Ananitazama kama niliyeuliza bei ya salamu.
Na kwa nini usiku?
Usiku ndio wanasema sana.
Korosho ikigonga bati, wananyamaza kuhesabu.

Mwongozo, ukurasa wa sita:
kazi isiyo na malipo, alama moja.
Nazungushia moja.

Swali la tisa. Rafiki wa karibu unao wangapi?
Alikuwa nao timu nzima, anasema mama,
siku hizi wanapita na bodaboda zao,
wanapiga honi bila kupunguza mwendo.
Mfaume anasema: Chitanda anapiga mbili.
Wengine moja.
Chitanda, mbili.

Natafuta pa kuiandika honi ya pili.

Swali la kumi na moja. Katika siku saba zilizopita
nani amekutembelea?
Korosho tatu, nne. Kushoto, kulia, kushoto,
kushoto.
Kisha: Wewe.

Maelezo kwa watafiti, kwa herufi za mlazo:
mhojaji asihesabiwe.

Mama ananiletea maji. Wiki hii bomba halijatoa hata tone,
ndoo inanunuliwa kwa kubembeleza,
na kikombe kimejaa mpaka ukingoni.
Nakunywa chote. Sijui kama ningebakiza.
Nageuza kurasa zilizobaki, sindano ya kila mwezi,
nauli ya kwenda kuchomwa, usingizi, kuoga,
kuhudhuria misiba. (Misiba yote, anasema mama.
Anasimama nje. Lakini anakwenda.)

Nimepata ngapi? ananiuliza.
Huu si mtihani, Mfaume.
Mbona kuna alama?

Kumi na moja kati ya arobaini.
Simwambii. Naandika pambizoni, kwa penseli,
mistari miwili ambayo huko Dar es Salaam
hawatakuwa na safu ya kuiingiza.

Anaidondosha moja mbele yangu. Hii?
La kwanza, nasema.
La pili. Sikiliza tena.
Nasikiliza. Nasikia bati.

Kule barabarani dereva wetu ameshachoka,
anapiga honi. Moja.
Mkono wa Mfaume unasimama juu ya ungo, kidogo,
halafu unaendelea.

Niliingia garini, nikafunga mlango, nikafungua mkanda,
nikanyoosha mkono kupita kifuani kwa dereva
nikaubonyeza usukani pale katikati,
mara mbili.
Umesahau kitu? akauliza.